Je, wajua kwa nini jeraha la ugoko huzibwa kwa nyama ya tafu?

Pitisha kidole mbele ya ugoko wako, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Utagusa ngozi, kisha mfupa. Katikati hamna nyama. Ndiyo maana mguu ukivunjika kwa ajali, mara nyingi mfupa hutokeza nje, na ngozi iliyochanika hapo haivutiki kuuziba.

Mbona basi daktari asichune ngozi ya paja akaibandika? Kwa sababu ngozi iliyochunwa hufika kidondani bila mshipa wowote wa damu. Siku mbili za kwanza huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, hadi vishipa vya chini vipenye na kuungana nayo. Juu ya nyama nyekundu hushika vizuri sana. Juu ya mfupa uliobanduka utando wake, au kano iliyobaki tupu, haipati cha kufyonza. Hunyauka na kufa.

Hapo ndipo linapohitajika pande la nyama au ngozi linalohama na mishipa yake. Madaktari huliita flapu. Hukatwa pande zote isipokuwa kwenye kikonyo, yaani pale ateri inapoingiza damu na vena kuitoa, kisha huzungushwa hadi kwenye kidonda.

Pa kulichukua huamuliwa na mahali lilipo jeraha. Karibu na goti hutumika msuli wa tafu, maana damu yake huingilia juu: ukikatwa upande wa chini, hugeuzwa mbele bila kufa, na ngozi ya paja hubandikwa juu yake. Mgonjwa bado hutembea, kwa kuwa huchukuliwa nusu moja tu ya msuli huo. Katikati ya ugoko hutumika msuli ulio chini yake, soleo.

Chini zaidi, misuli imeshageuka kano, na kazi huwa ngumu. Njia mojawapo ni kushusha ngozi ya nyuma ya tafu, kikonyo kikiachwa kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Kikonyo hicho hakitaki kubanwa hata kidogo, wala mgonjwa asikilalie. Vena zina kuta laini, hivyo hufinyika kabla ya ateri: damu huingia, haitoki, na flapu huvimba na kuwa ya zambarau. Ikipauka na kupoa, ateri ndiyo iliyoziba. Kwangu mimi, muuguzi anayeikagua usiku kucha ana kazi nzito kama ya aliyeshika kisu.

Zamani flapu ya mguu mmoja ilishonwa kwenye kidonda cha mwingine bila kukatwa kikonyo, na miguu yote miwili ikafungwa pamoja kwa takriban wiki tatu, mmoja ukiulisha mwenzake damu. Mwaka 1973 madaktari wa upasuaji Rollin Daniel na Ian Taylor walitoa taarifa ya flapu ya kinena iliyokatwa kabisa na kuhamishiwa mguuni, mishipa yake ikashonwa upya chini ya hadubini.

Kisigino nacho kina shida yake. Ngozi inayobeba mwili mzima haina mfano kwingine, ila kwenye upinde wa unyayo uleule, ambao haugusi sana ardhi mtu anaposimama. Ngozi ya hapo huhamishwa pamoja na neva yake, ili mgonjwa akikanyaga kokoto alisikie.