Kukanyaga breki bila kukusudia ndege ndogo inapotua

Katika ndege nyingi ndogo, pedali moja hufanya kazi mbili. Ukiisukuma yote kwa mguu, unageuza usukani wa mkia, kile kibao cha wima kule nyuma kinachopeleka pua ya ndege kushoto au kulia. Ukiikandamiza sehemu ya juu kwa vidole, unashika breki ya gurudumu kuu la upande huo: pedali ya kushoto kwa gurudumu la kushoto, ya kulia kwa la kulia. Kukanyaga breki bila kukusudia ni pale rubani anapotaka usukani peke yake, lakini kwa kuwa nyayo zake zimepanda juu mno, anapata vyote viwili kwa pamoja.

Angani kosa hili halijulikani. Magurudumu yananing'inia tu, na breki ikishikwa hakuna kinachobadilika. Linajitokeza tairi linapogusa lami, na hapo kubonyeza kidogo tu kunatosha kuleta madhara. Gari muda wote limelalia magurudumu yake, ndiyo maana dereva anaweza kukanyaga breki kwa nguvu kiasi kabla tairi halijaserereka. Ndege iliyogusa ardhi sasa hivi bado imebebwa kwa sehemu kubwa na mabawa. Tairi linagusa lami kijuujuu, msuguano ni mdogo, na ndege nyingi za aina hii hazina mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Kadiri mwendo unavyopungua, uzito unahamia kwenye magurudumu: mwendo ukishuka hadi nusu, mabawa katika mkao uleule yanabaki na robo tu ya nguvu yake ya kuinua. Kwa hiyo sekunde chache za mwanzo ndizo za kuchungwa kuliko zote.

Tairi lililofungwa haliviringiki, linaburuzwa. Mpira unalika mahali pamoja mpaka nyuzi za ndani, na linaweza kupasuka papo hapo. Ikiwa imeshikwa breki ya upande mmoja tu, ndege inavutwa kuelekea upande huo. Ndege yenye gurudumu dogo mkiani iko hatarini zaidi, kwa sababu kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu: mkia unaweza kuzunguka ukaja mbele, au ndege ikapiga pua na propela ikachimba ardhi.

Upepo wa ubavuni ndio unaowanasa wengi. Tuseme unavuma kutoka kushoto. Rubani analaza bawa la kushoto kidogo kuukabili, na anasukuma pedali ya kulia ili pua ibaki imenyooka na njia ya kurukia. Mguu wa kulia umejinyoosha kwa nguvu, kifundo kimekunjuka, vidole vimeelekea mbele, na kisigino kimenyanyuka sakafuni bila yeye kuhisi. Gurudumu la kushoto linagusa vizuri. La kulia bado liko hewani, limeshikwa na breki, na linapofika chini haliwezi kuanza kuzunguka. Ndege inavutwa kulia kwa ghafla, naye anadhani ni upepo.

Kinga yake ni kuweka visigino sakafuni, wayo ukae sehemu ya chini ya pedali, kabla ya kuingia hatua ya mwisho ya kutua. Mguu ukisukuma, kisigino kiteleze sakafuni kikiufuata. Hili haliwezekani kama kiti kimekaa vibaya: kikiwa mbali, utanyoosha vidole kuifikia pedali, kikiwa karibu mno, magoti yanakunjamana na nyayo zinapanda. Kirekebishe ndege ikiwa bado imesimama, uhakikishe unaweza kusukuma usukani hadi mwisho bila kugusa breki. Viatu vyenye soli nene huficha unachokanyaga. Mimi ningeviacha nyumbani. Aliyekaa kiti cha pili, awe abiria au mkufunzi, naye ana pedali zake mara nyingi, na mguu wake unafunga breki zilezile. Mwambie mapema. Hakikisha pia breki ya kuegeshea imeachiwa.

Mpangilio huu haufanani kila mahali. Ndege ndogo aina ya Piper J-3 Cub ina breki za kukanyagwa kwa kisigino, hivyo humo kisigino ndicho cha kuchungwa. Baadhi ya ndege hutumia mkono wa breki badala ya pedali.

Breki yenyewe ina wakati wake. Gurudumu la mbele likishatua na ndege ikikimbia imenyooka, pandisha nyayo kwa makusudi, bonyeza pande zote mbili sawasawa, polepole, ukiongeza kadiri mwendo unavyopungua. Ukihisi tairi linaserereka, achia, kisha anza upya kwa wepesi zaidi.

Ndege ikishaegeshwa, kagua matairi ukiisukuma isogee kidogo, maana sehemu iliyolika huweza kuwa imejificha chini. Bapa kwenye tairi moja tu, kama breki zenyewe ni nzima, linakuonyesha ni mguu upi uliopanda.