Kamishna Asiyevaa Sare: Dhana Potofu Kuhusu Makamishna wa Polisi na Uhalifu wa England na Wales

Mtu aliyekulia Tanzania akisikia neno kamishna likitajwa pamoja na polisi, humjia picha ya afisa mwenye sare na alama za cheo mabegani, kwa sababu katika Jeshi la Polisi la Tanzania Kamishna ni cheo, tena cha juu. Aliyekulia Kenya huenda akamkumbuka kamishna wa kaunti, mtumishi wa serikali kuu ambaye huteuliwa na hapigiwi kura na mtu yeyote. Wote wawili wakihamia Birmingham, Leicester au Cardiff, kisha wakapewa karatasi ya kura ya kumchagua Kamishna wa Polisi na Uhalifu, ni rahisi waipige bila kujua wanamchagua nani, au waitupe wakidhani haiwahusu.

Kamishna huyu si polisi. Havai sare, habebi pingu na hana mamlaka ya kumkamata mtu. Ni mwanasiasa anayechaguliwa na wakazi wa eneo linalohudumiwa na jeshi moja la polisi, ili asimamie jeshi hilo kwa niaba yao. Wadhifa wake uliundwa na sheria ya mwaka 2011, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 15 Novemba 2012 katika maeneo 41. Kabla ya hapo usimamizi ulikuwa mikononi mwa mamlaka za polisi, yaani kamati za madiwani na wajumbe huru ambazo kwa kawaida zilikuwa na watu 17, na ambazo mwananchi wa kawaida hakuweza kumtaja hata mjumbe wake mmoja.

"Kamishna ndiye anayewaamuru askari"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu humfanya mtu apeleke shida yake kwenye mlango usiofaa. Tuseme mwenye duka mjini Leicester amevunjiwa kioo mara mbili kwa mwezi mmoja, askari wamekuja, wameandika maelezo, kisha hakusikia tena kutoka kwao. Anaandika barua kwa kamishna akitaka mshukiwa anayemfahamu akamatwe. Kamishna hawezi kuagiza hivyo, na akijaribu atakuwa amevunja sheria. Uamuzi wa nani akamatwe, kesi gani ichunguzwe na askari wangapi wapelekwe mtaa gani ni wa mkuu wa jeshi la polisi la eneo hilo na maafisa walio chini yake. Uhuru huo wa kiutendaji umelindwa kwa maandishi, na kamishna mwenyewe, kabla hajaanza kazi, hula kiapo hadharani kwamba atatumikia watu wote bila upendeleo na hataingilia uhuru huo. Mkenya atalielewa jambo hili haraka, kwa kuwa Ibara ya 245 ya Katiba ya Kenya nayo humkataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa mahususi.

Hata hivyo, barua ya mwenye duka haikosi kazi. Kama anachokilalamikia ni namna askari walivyomhudumia, malalamiko huanzia kwa jeshi lenyewe, na asiporidhika na jibu katika mambo yasiyo mazito, tangu Februari 2020 anaweza kuomba lipitiwe upya na ofisi ya kamishna. Mambo mazito, kama vile kifo mikononi mwa polisi, hupelekwa kwenye chombo huru cha kitaifa. Na kama wenye maduka kumi wa mtaa huo wanasema jambo lile lile, hapo kamishna ana pa kushika, kwa sababu yeye ndiye anayeandika mpango wa polisi na uhalifu wa eneo, unaotaja mambo ya kupewa kipaumbele, na mkuu wa polisi hulazimika kuuzingatia na kuutolea maelezo.

Mamlaka yake halisi, kwa hiyo, yamo katika mpango, fedha, na uteuzi wa mkuu wa jeshi. Hilo la mwisho ni zito. Kamishna humteua mkuu wa polisi, anaweza kumsimamisha kazi, na anaweza kumtaka ajiuzulu au astaafu. Wapo wanaodhani basi kwamba mkuu huyo hukaa kwa hisani ya kamishna na anaweza kutimuliwa asubuhi yoyote. Mahakama zimekataa tafsiri hiyo. Mapema mwaka 2013 kamishna wa Lincolnshire alimsimamisha mkuu wake wa polisi, na kabla ya Machi kwisha Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Miaka mitatu baadaye kamishna wa South Yorkshire alimsimamisha mkuu wake siku moja tu baada ya jopo la uchunguzi kutoa uamuzi kuhusu vifo vya mashabiki wa kandanda katika uwanja wa Hillsborough, kisha akamtaka aondoke. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Kwa maoni yangu kesi hizi mbili zimefafanua mipaka ya wadhifa huu kuliko hotuba zote zilizotolewa Bungeni wakati wa kuuanzisha.

"Fedha za polisi zote zinatoka serikali kuu"

Chukua bili ya kodi ya halmashauri inayoingia mlangoni kila majira ya kuchipua na uisome mstari kwa mstari. Chini ya kiasi cha halmashauri yenyewe, mahali pengi utaona mstari wenye jina la Kamishna wa Polisi na Uhalifu wa eneo, na mbele yake kiasi cha pauni. Fedha hizo hupangwa na kamishna, na huongezwa juu ya ruzuku ya serikali. Uzito wake hutofautiana sana: huko Surrey zaidi ya nusu ya bajeti ya polisi hutoka kwa walipa kodi wa eneo, ilhali Northumbria sehemu hiyo ni ndogo mno, na ndiyo sababu Northumbria huumia zaidi serikali inapopunguza ruzuku.

Kamishna hawezi kupandisha kodi atakavyo. Akivuka kiwango kilichowekwa na serikali lazima awaulize wananchi kwa kura ya maoni, na kura ya aina hiyo ilifanyika Bedfordshire tarehe 7 Mei 2015. Kamishna aliomba ongezeko la asilimia 15.8 ili kuajiri askari zaidi. Bili zilikuwa zimeshatumwa zikiwa na ongezeko hilo ndani yake, wapiga kura wapatao asilimia 70 wakalikataa, na ikabidi bili zitolewe upya.

Sehemu ya fedha anazozisimamia haiwagusi askari kabisa. Kamishna ndiye anayeingia mikataba na mashirika yanayowasaidia waathirika wa uhalifu, wakiwamo wanawake wanaopigwa majumbani na watu waliobakwa. Kwa familia zetu zilizoko ughaibuni, ambako mama anaweza kukaa kimya miaka mingi kwa kukosa mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake, nadhani hapa ndipo ofisi hii inapomgusa mtu kwa karibu kuliko mahali pengine popote, na ni swali halali kabisa kumuuliza mgombea kama huduma anazozilipia zina wakalimani.

"Akiharibu kazi ataondolewa"

Kila eneo lina Jopo la Polisi na Uhalifu, lenye madiwani wasiopungua kumi na wajumbe huru wawili. Watu wengi hulichukulia kama bodi yenye uwezo wa kumwajiri na kumfukuza kamishna, ilhali uwezo wake ni mdogo kuliko jina lake. Linaweza kuhoji, kushauri, na kwa theluthi mbili ya kura likazuia kiwango cha kodi kilichopendekezwa au jina la mkuu mpya wa polisi. Linaweza kumsimamisha kamishna iwapo ameshtakiwa kwa kosa linaloweza kumpeleka jela zaidi ya miaka miwili. Kumwondoa kwa sababu tu amepoteza imani ya watu, haliwezi.

Jambo hili lilionekana kwa uchungu mwaka 2014. Mwezi Agosti ilitolewa ripoti iliyokadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kingono mjini Rotherham katika kipindi cha miaka 16. Kamishna wa South Yorkshire wa wakati huo, Shaun Wright, alikuwa amewahi kuwa diwani aliyeongoza huduma za watoto mjini humo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alimtaka aondoke, chama chake kilimtaka aondoke, jopo likapiga kura ya kutokuwa na imani naye. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kumtoa, na alikaa ofisini hadi katikati ya Septemba alipojiuzulu mwenyewe. Wazazi wa watoto wale walistahili sheria iliyo bora kuliko hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba mlango wa kuingilia ni mwembamba kuliko wa kutokea. Mtu yeyote aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifungo hawezi kushika wadhifa huu, hata kama hakufungwa, hata kama alikuwa mtoto. Mwaka 2012 mgombea mmoja wa Avon na Somerset alijitoa kwa sababu ya faini ya pauni 5 aliyotozwa akiwa na umri wa miaka 13. Huko Wiltshire, mwaka 2021, mshindi hakuweza kuanza kazi kutokana na hukumu ya zamani ya kuendesha gari akiwa amelewa, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Agosti.

Kuhusu siasa za vyama, wapo wanaoamini kwamba kiapo cha kutopendelea kinamaanisha kamishna hana chama. Mwaka 2012 walichaguliwa wagombea binafsi 12. Mwaka 2024, kati ya makamishna 37 waliochaguliwa, hakuwamo hata mgombea binafsi mmoja.

"Sisi wageni hatuna kura hapo"

Wengi wanayo na hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi England na Wales kihalali, wenye umri wa miaka 18 au zaidi na waliojiandikisha, wanaruhusiwa kupiga kura hii. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Mkongo, Mrundi na Mwomani, ambao nchi zao haziko katika jumuiya hiyo, hawamo mpaka wapate uraia wa nchi nyingine inayokubalika. Kitambulisho chenye picha sasa ni lazima kituoni, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inatosha.

Ukosefu wa wapiga kura si wa wahamiaji peke yao. Mwaka 2012 walijitokeza kama asilimia 15 tu ya waliojiandikisha, na katika kituo kimoja cha Bettws, mjini Newport, masanduku yalifunguliwa asubuhi, wasimamizi wakakaa kutwa nzima, na hakuingia mpiga kura hata mmoja.

Wanaoishi Scotland na Ireland Kaskazini hawana makamishna hawa kabisa. London nayo kazi hii ni ya Meya, isipokuwa katika eneo dogo la Jiji la London lenye jeshi lake, na Greater Manchester, West Yorkshire, South Yorkshire na York na North Yorkshire zimeshakabidhi mamlaka hayo kwa mameya wao.

Dhana mpya zaidi ni kwamba makamishna wameshafutwa. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuufuta wadhifa huu muhula wa sasa utakapokwisha Mei 2028, mamlaka yaende kwa mameya, na pasipo na meya yaende kwa bodi za viongozi wa halmashauri. Hadi wakati huo waliochaguliwa tarehe 2 Mei 2024 wanaendelea na kazi. Kila mwanzo wa mwaka, kabla ya bili mpya kuchapishwa, jopo hukaa kujadili kodi ya polisi mbele ya yeyote anayetaka kusikiliza, na viti vya wananchi mara nyingi huwa vitupu.