Mkono unaruka, kumbukumbu inapotea: dereva mzima, utingo kashikwa

Baba ana miaka 64. Mkono wa kulia unaruka pamoja na shavu la upande huohuo, sekunde mbili hivi, mara nyingi kwa siku. Sasa anasahau hata alichokula mchana. Ni uzee?

Uzee haurushi mkono. Mruko wa aina hiyo, ukifuatana na usahaulifu ulioanza ghafla, ni sababu ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu wiki hii, si mwezi ujao. Huenda kinga ya mwili wake inashambulia protini iitwayo LGI1.

Protini hiyo inafanya kazi gani?

Neva hupeleka ujumbe kwa umeme. Sodiamu ikiingia ndani ya seli, umeme unapanda. Potasiamu ikitoka kupitia vijia vyake, seli inatulia. Vijia vikipungua au vikikaa mahali pasipo pake, neva inafyatua ovyo.

Ila kijia hakijiendeshi peke yake. Kina matingo wake, yaani protini saidizi. Wapo wanaokifunga upesi, wapo wanaokifikisha kwenye utando wa seli, na wapo wanaokiegesha. Caspr2 ni wa kundi hili la mwisho: huvishikilia vijia karibu na mapengo ya ala ya mafuta inayofunika neva. LGI1 hufanya kazi nje ya seli, pale neva mbili zinapokutana, na ikikosekana vijia vya potasiamu hupungua.

Kwa miaka mingi vipimo vilikilaumu kijia chenyewe. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kingamwili nyingi, yaani protini za kinga zinazoshambulia, hazikigusi kabisa. Zinawakamata matingo, LGI1 na Caspr2. Kwangu mimi hilo ndilo tamu la habari hii, kwani dereva, yaani kijia, alisingiziwa.

Caspr2 ikishambuliwa, dalili ni hizohizo?

Mara nyingi hapana. Misuli hucheza chini ya ngozi hata mtu akilala, hukakamaa, na jasho humtoka kupita kiasi. Baadhi hukosa usingizi kabisa. Wachache hukutwa na uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani.

Kuna tiba?

Ipo. Mruko huu ni aina ya kifafa, ila dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazitoshi kuuzuia. Kinachosaidia ni kutuliza kinga: steroidi, kingamwili za wachangia damu za kutundikiwa kwa dripu, au kusafisha plazima, yaani majimaji ya damu. Steroidi usijinunulie duka la dawa. Hupandisha sukari na presha, nazo zinataka usimamizi.

Mwombe daktari apime pia sodiamu, maana kwa wengi wenye tatizo la LGI1 huwa imeshuka. MRI (picha ya ubongo) na kipimo cha umeme wa ubongo vikirudi safi, msirudi nyumbani mkidhani yamekwisha, kwa sababu mwanzoni hutokea hivyo. Tiba ikichelewa, mkono unaweza kutulia lakini kumbukumbu isirudi yote.

Na mrekodi kwa simu mkono unaporuka. Sekunde mbili ni rahisi kumpita daktari.