Swichi ya funguo inachemka? Acheni kutafuta shoti

Juzi tena imeletwa Datsun 240Z na maelezo ni yaleyale: swichi ya funguo inachemka mpaka inanuka, fundi wa kwanza kasema kuna shoti, wakabadilisha swichi, wakaweka na fyuzi kubwa zaidi, bado inachemka. Jamani mafundi wenzangu, hii imani ya shoti inaua magari. Shoti ya kweli inakata fyuzi au inayeyusha waya sekunde hiyohiyo, haikusubiri uendeshe nusu saa ndio usikie harufu. Swichi inayochemka polepole huku kila kitu kinafanya kazi, hiyo ni mgusano mbovu, na fyuzi haiwezi kuiona kwa sababu mkondo haujaongezeka hata kidogo. Na ukiweka fyuzi kubwa umeondoa ulinzi wa pekee uliokuwepo.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme ampea 15 zinapita kwenye swichi na volti 1.2 zinapotelea humo ndani, zidisha, ni wati 18. Balbu ya breki ni wati 21. Yaani ni kama umewasha balbu ya breki ukaifungia kwenye kiboksi cha plastiki chini ya usukani, halafu unashangaa plastiki inalainika.

Sasa hizi Z ni za zamani, ndizo zilizoshinda mbio za Safari Rally 1971 zikiwa na Herrmann na Schüller, na 1973 zikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwa hiyo hizo pini za shaba unazozishika zina miaka zaidi ya hamsini na zimeshalegea. Halafu kwenye gari hii taa kubwa hazipiti kwenye funguo, zina njia yake kupitia swichi ya taa, kwa hiyo mtu asikuambie swichi imechoka sababu ya taa. Vinavyopita kwenye funguo ni koili ya cheche za injini, feni ya hita, waipa, indiketa na kila kitu ambacho watu wameshonea hapo baadaye: pampu ya mafuta ya umeme, feni ya rejeta, alamu, redio kubwa. Hapo ndipo pa kuanzia kuuliza maswali.

Kupima. Hapa ndipo ninapokasirika, maana watu wanachomoa swichi, wanaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), inasoma karibu na sifuri, wanasema swichi nzima. Mita kwenye omu inapitisha mkondo mdogo mno, na pointi (sehemu zinazogusana ndani ya swichi) yenye unga mweusi ikipewa mkondo mdogo hivyo inapitisha vizuri tu, tena nyaya za mita zenyewe zina omu zake kwa hiyo ile omu 0.1 unayoitafuta huioni. Taa ya kupimia nayo hivyohivyo, itawaka vizuri na swichi inaungua. Pima volti swichi ikiwa kazini: injini inaunguruma, feni ya hita kwenye kasi ya mwisho, waipa zinatembea (mwagia kioo maji kwanza), kisha ncha moja ya mita kwenye pini ya kuingilia, ile ya waya mweupe wenye mstari mwekundu, na ncha ya pili kwenye pini ya kutokea, mweusi wenye mstari mweupe, ukigusia kwa nyuma ya soketi (plagi ya nyaya inayochomekwa kwenye swichi) bila kuichomoa. Ikisoma volti 0.1 au 0.2 iache. Nusu volti ni mgonjwa. Ikizidi volti moja usiiendeshe.

Halafu tenga soketi na swichi, maana wengi wananunua swichi mpya wakati joto linatoka kwenye soketi. Gusa kwa ncha za mita, moja kwenye waya na ya pili kwenye pini ya swichi, uone volti zinapotelea wapi. Na tumia macho: plastiki inakuwa ya kahawia kuzunguka pini moja tu, ile pini imepoteza njano yake ya shaba, waya wake umekakamaa sentimita kadhaa, na ukiuchuna ndani ni mweusi kabisa, lehemu haishiki. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, usilazimishe.

Kufungua swichi na kusafisha pointi kwa msasa? Hapa vitabu vinaongea kama jambo limekwisha, mimi bado nasita. Nyingine zinadumu miaka, nyingine zinarudi baada ya muda mfupi, na kwa macho siwezi kuzitofautisha zikiwa mezani. Vilevile kipi kilianza, pini kulegea ikaleta joto au joto likailegeza pini, mara nyingi siwezi kukuapia.

Ninachokiamini ni relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa; namba nitakazotaja ni za pini zake. Toa ile mizigo mikubwa kwenye funguo: waya mweusi-mweupe uende 86 tu kuamsha relei, 85 kwenye eathi, 30 ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye feni au pampu. Swichi inabaki na kazi ya kuamsha koili ya relei ambayo haifiki hata nusu ampea. Na kabla hujashika ile soketi chomoa betri, maana ule mweupe-mwekundu una umeme hata funguo ikiwa mfukoni mwako.