Je, Ukristo ni dini ya Wazungu?

Muulize mtu kwa nini hataki Ukristo, na huenda akakujibu: "Hiyo ni dini ya Wazungu, ilikuja na meli." Kwa pwani yetu, jibu hilo lina msingi. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, na misheni za Rabai na Bagamoyo ni za karne ya 19. (Kama dini yenyewe ni ya kweli au la, hilo ni swali jingine.)

Ila Afrika ni pana kuliko pwani yetu. Misri ilikuwa na Wakristo tangu karne za mwanzo. Aksum, ufalme uliokuwa Eritrea na kaskazini mwa Ethiopia, uliupokea Ukristo karne ya 4, wakati Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya, ilikuwa bado kabisa.

Unaweza kujionea mwenyewe. Tafuta mtandaoni picha za sarafu za Aksum. Za zamani zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa cha mfalme. Kisha, ndani ya enzi ya mfalme mmoja, alama hizo zinaondoka na msalaba unaingia. Chagua picha zilizowekwa na makumbusho, zenye maelezo ya sarafu na kipindi chake. Picha tupu ya kusambazwa kwenye simu iache.