Kihisi cha sukari kikikuamsha saa nane usiku

Mama mmoja mwenye kisukari anavaa kihisi, kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi, hupima sukari na kutuma namba kwenye simu. Alifika kliniki asubuhi sukari ikiwa 17 (namba zangu ni za milimoli kwa lita). Usiku wa saa nane simu ilikuwa imemlilia: 3.1. Akanywa soda, kelele hazikukoma, akafungua ya pili. Nikamwomba anionyeshe anavyolala. Ubavu wa kushoto. Na kihisi kimebandikwa mkono wa kushoto.

Ukikilalia kihisi, nyama ya pale hubanwa, nacho husoma sukari ya chini ambayo mwilini haipo. Geuka, kisha toboa kidole upime damu kwa mashine. Lakini ukiwa unatetemeka na kutokwa jasho, au mashine iko mbali, usibishane na simu: kunywa kitu chenye sukari.

Kihisi hakigusi damu. Kinasoma majimaji ya chini ya ngozi, ambako sukari hufika imechelewa, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Ikiwa imetulia, hutaona tofauti kubwa. Ikishuka kwa kasi, tuseme umetoka kulima, simu inakusomea habari za zamani. Ndiyo maana nasisitiza mshale ulio kando ya namba kwenye simu, unaoonyesha sukari inakoelekea. Mtumiaji wa insulini mwenye 5.0 na mshale uliolala aendelee na shughuli zake, mwenye 5.0 hiyohiyo na mishale inayotazama chini atafute juisi.

Kuchelewa huko nako huzaa soda ya pili. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mashine za miligramu husema 70), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, kisha pima kwa kidole. Kihisi kinaweza kuendelea kulalamika wakati damu imeshapanda.

Upande wa juu kosa ni lilelile, ila ni la hatari zaidi. Umechoma insulini ya haraka, saa moja imepita, simu bado inasema 14, unaongeza. Dozi ya kwanza haijamaliza kazi. Hufanya kazi saa 3 hadi 5. Zikikutana mbili, sukari itaanguka.

Dawa nazo hudanganya baadhi ya vihisi. Haidroksiurea, wanayotumia wagonjwa wengi wa selimundu, inaweza kuonyesha sukari iko juu kumbe sivyo. Anayeitumia asipange dozi ya insulini kwa kihisi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Vitamini C ya dozi kubwa na parasetamoli kupita kiasi pia zimo, kutegemea aina ya kihisi. Soma karatasi ya ndani ya boksi.

Kwa hiyo usigawe mashine yako ya zamani ya kutoboa kidole. Itumie siku ya kwanza ya kihisi kipya, mshale usipoonekana, na kila mwili unaposema tofauti na simu. Nawa mikono kwanza kwa maji na sabuni, ukaushe. Kidole kilichotoka kumenya embe kinaweza kukupa namba ya kutisha, na sukari yenyewe ni ya embe.