Majeraha ya watoto yana mpangilio: maana yake ni nini?

Mtoto akiungua, wakubwa husema: ajali haina kinga. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ajal, yaani muda wa mtu uliokwisha kuandikwa. Basi tukishaita kuungua huko ajali, tumelipeleka jambo kwenye kudura, na hakuna tena anayeuliza birika lilikuwa limewekwa wapi. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, liliamua kuachana na neno la kwao la ajali, accident, kwa kuwa mengi yanayoitwa hivyo yanazuilika. Wataalamu husema jeraha.

Kusema majeraha ya watoto yana mpangilio ni kusema hayaji ovyo. Ukiyatazama kwa wingi wake utaona yana umri wake, saa yake na pahala pake. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2008 ilikadiria kuwa watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa: barabarani, kwa kuzama, kuungua, kuanguka na sumu.

Hapa Pemba, anayetambaa na anayeanza kutembea hatari yake iko ndani na uani: jiko, ndoo ya maji, kisima, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Akianza skuli na chuo cha Kurani, hatari inahamia barabarani. Akipindukia miaka 10, hasa wa kiume, utamkuta juu ya mwembe, au msimu ukifika, juu ya mkarafuu, mti ambao tawi lake ni jepesi kukatika.

Jiko ndilo linaloniuma zaidi. Ingia uani mwezi wa Ramadhani, saa 11 jioni. Jiko la mkaa liko chini, uji unatokota, mama amefunga na anakimbizana na adhana ya Magharibi. Mtoto wa mwaka mmoja yupo pembeni. Kaa kitako alipokaa yeye, uone anachokiona: ukingo wa sufuria uko sawa na kifua chake, naye anatafuta cha kushika ili asimame. Sioni haki kumlaumu mama hapo. "Mwangalie mtoto" ni maneno mazuri, lakini jicho huchoka. Jiko likipandishwa juu ya matofali hadi kiunoni mwa mtu mzima, au mlango wa jikoni ukatiwa kizuizi, mtoto amekingika hata mama akigeuka kuitikia hodi.

Daktari wa Marekani, William Haddon, alilitazama jeraha kwa nyakati tatu. Kabla: hayo matofali, au kifuniko cha kisima. Wakati wenyewe: kofia ngumu kichwani mwa mtoto aliyepakiwa kwenye pikipiki. Baada: aliyeungua amiminiwe maji safi ya baridi, hata kwa kata, kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, yai na asali visipakwe kabisa.

Na aliyekunywa kutoka ile chupa ya soda asitapishwe, kwani mafuta ya taa yakipanda tena kooni huweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali, na chupa yenyewe ichukuliwe daktari aione.